Koki Inayozungushwa na Jua

Msomaji wa Makambako amerithi kamera ya baba yake, Yashica Electro 35, na swali lake limenikosesha usingizi. Mchana, karibu na stesheni ya TAZARA, akibonyeza kitufe husikia "kla!" moja tu. Akipanda Njombe alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia chai ya Kibena, husikia "kla", kimya kidogo, kisha "klak". Je, baridi imeiharibu?

Haina ugonjwa, inasubiri mwanga wake utimie. Lenzi na filamu naviruka, mnavijua. Utamu uko kwenye shata, mlango unaoruhusu mwanga ufike kwenye filamu (mimi napendelea "kilango", "kifungio" kinasahau kwamba kazi yake ya kwanza ni kufunguka).

Usoni mwa kamera kuna kidude cha kadimiamu salfaidi: kikipigwa na mwanga hupitisha umeme kwa wingi, gizani huubana. Sasa fikiria bomba la maji na ndoo. Kidude hicho ni koki, na anayeizungusha ni jua. Ndoo ni kapasita, chombo cha kutunzia umeme. Kilango kikifunguka, sumakuumeme hukizuia kisijifunge, na papo hapo maji huanza kuingia kwenye ndoo tupu. Mchana wa Makambako koki iko wazi hadi mwisho: ndoo inajaa hujapepesa jicho, transista, swichi ya umeme, inakata umeme wa sumaku, kilango kinafungwa. Kwenye ukungu wa Njombe maji yanadondoka tone kwa tone, na kilango kinangoja ndoo ileile ifike ujazo uleule. Wingu likipita katikati ya picha, koki inabanwa palepale na muda unarefuka wenyewe. Kuanzia 1/500 ya sekunde hadi sekunde 30, bila ngazi yoyote katikati!

Walioibuni Electro 35 hawakuanza na kamera. Mwaka 1949, Nagano, mkoa wa milima huko Japani, Yoshimasa Ushiyama alianza na wafanyakazi wanane wakiunda vipuri vya saa za umeme. Kamera yao ya kwanza ilitoka 1953, Electro 35 ikafuata 1966. Kampuni ya Kyocera iliimeza Yashica 1983, na 2005 ikaachana na kamera.

Betri ya zebaki ya Electro 35 haitengenezwi tena; mafundi huweka nyingine na kujazia nafasi inayobaki. Penye giza zito kidude huzubaa kidogo. Na huko Njombe, taa ya njano inayoonya kwamba kilango kitakawia ikiwaka, egemeza kamera ukutani kwanza, ndipo ubonyeze.