Kamba wa Mapambo: Faida Hulindwa kwa Chakula Kidogo

KATIKA ufugaji wa aina nyingi, chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya mtaji. Mfugaji wa kuku wa mayai au ng'ombe wa maziwa analijua hilo vizuri. Lakini upo mfugo mmoja ambao hesabu yake ni kinyume, nao ni kamba wa mapambo, wale kamba wadogo wa maji baridi wanaofugwa majumbani ndani ya matangi ya vioo. Kwa mfugo huu chakula ni gharama ndogo kuliko karibu zote, na anayekitoa kwa wingi ndiye anayefilisika mapema.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia ulishaji wa kamba hao, kwa manufaa ya wasomaji wanaofikiria kuweka fedha kidogo katika tangi moja dogo la lita 20 hadi 30. Mfano tunaoutumia ni kamba mwekundu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Neocaridina davidi, kwa sababu ndiye anayeanzwa naye na wafugaji wengi duniani.

Bidhaa yenyewe

Asili ya kamba huyu ni mashariki ya bara la Asia, zikiwemo China, Taiwan na Korea. Porini hana rangi ya kuvutia. Wekundu wake umetokana na wafugaji kuchagua wazazi wenye rangi kwa vizazi vingi, na bei yake sokoni hufuata daraja la rangi hiyo. Msomaji wa Kanda ya Ziwa asimwone mgeni kabisa, kwani Ziwa Victoria lina ndugu yake, Caridina nilotica, ambaye huvuliwa pamoja na dagaa na kutumika katika vyakula vya mifugo.

Kamba mwekundu hufikia urefu wa sentimita 3 hivi na huishi mwaka mmoja hadi miwili. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo kwa muda wa wiki 3 hadi 4, kisha watoto hutoka wakiwa tayari na umbo la wazazi wao. Baada ya miezi 2 au 3 nao hufikia umri wa kuzaa. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa kamba 10, wakiwemo majike 5, anaweza kutazamia watoto 100 hadi 150 katika uzazi wa kwanza iwapo wote watapona.

Mnunuzi aangalie asichanganye aina. Caridina multidentata, aliyepata umaarufu kupitia Mjapani Takashi Amano katika miaka ya 1980 kama mla mwani, ni hodari wa kusafisha tangi, lakini watoto wake huhitaji maji ya chumvi ili wakue. Huyo hununuliwa kwa kazi, si kwa kuzalisha.

Chakula cha bure

Chakula kikuu cha kamba hawa hakiuzwi dukani. Ni utando laini wa bakteria, mwani na vijidudu unaoota juu ya mawe, majani, mbao na kuta za tangi. Ukipitisha kidole juu ya jiwe lililokaa majini ukasikia utelezi, huo ndio utando wenyewe. Kamba hushinda kutwa nzima wakiuchuma kwa mikono yao midogo.

Kwa sababu hiyo, uwekezaji wa kwanza katika chakula ni subira. Tangi jipya linahitaji kukaa na maji, mimea na chujio kwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuingiza kamba, ili utando uote na bakteria wanaosafisha maji waongezeke. Chujio la sponji linapendelewa kwa sababu halivuti watoto, na sponji yenyewe huwa malisho. Anayeingiza kamba siku anayojaza maji, kisha akafidia kwa chakula cha kopo, anaanza biashara kwa deni.

Hesabu ya gramu moja

Wafanyabiashara hupenda tarakimu, basi tuzitazame. Chukua gramu 1 tu ya chakula kikavu chenye protini asilimia 40. Protini hiyo ni gramu 0.4, na takriban asilimia 16 ya protini ni naitrojeni, yaani miligramu 64. Ikiwa chakula hicho hakikuliwa na kikaoza chote, naitrojeni hiyo inaweza kutoa amonia miligramu 78 hivi. Ndani ya tangi la lita 30 ni miligramu 2.6 kwa kila lita.

Mfugaji makini hutaka kipimo cha amonia kisomeke sifuri. Aidha, ukali wa sumu hiyo huongezeka maji yanapokuwa ya moto na yenye alikali, hali ambayo mkazi wa mji wa joto haiwi mbali naye. Bakteria wa tangi lililokomaa huibadili amonia kuwa nitraiti, kisha nitrati isiyo kali sana, lakini uwezo wao una kikomo. Tangi dogo halina akiba ya maji ya kuzimua kosa.

Hasara haiishii hapo. Mabaki ya chakula huleta minyoo bapa, ambayo hushambulia watoto wa kamba. Konokono wanapoongezeka ghafla, au maji yanapoanza kuwa na ukungu, hizo ni dalili kwamba chakula kinatolewa kuliko mahitaji.

Kiasi na ratiba

Kwa kamba 10 hadi 20 katika tangi lililokomaa, kulisha mara 2 au 3 kwa wiki kunatosha. Kila mara toa punje chache ambazo zitakwisha ndani ya saa 2 au 3, na kinachobaki kiondolewe. Kamba wenye njaa hukikimbilia chakula mara moja. Wakikipita bila kukijali, wameshiba, na mfugaji asilazimishe.

Tukikadiria kila mlo kuwa gramu 0.1, milo 3 kwa wiki ni gramu 0.3, na kwa mwaka mzima ni gramu 15.6. Kopo la gramu 30 lingechukua karibu miaka miwili kwisha, na kabla ya hapo ubora wake umeshapungua. Kwa hiyo bei nafuu ya kopo kubwa ni ya udanganyifu kwa mwenye tangi moja. Nunua kopo dogo na ulihifadhi mahali pakavu, penye ubaridi.

Watoto ndio wa kuangaliwa kipekee. Hawasafiri mbali kutafuta chakula, hivyo hufaidika na unga laini unaotawanywa tangi zima kuliko punje moja inayoangushwa kona moja. Hata hivyo, unga ndio rahisi zaidi kuzidisha. Ncha ya kijiti cha meno inatosha.

Sokoni na chini ya mti

Mboga za kawaida zinafaa. Jani la mchicha au kipande chembamba cha karoti au tango huoshwa vizuri, hutiwa katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, hupozwa, kisha huwekwa tangini. Kisikae zaidi ya saa 24. Kuosha ni lazima, kwani kamba ni jamaa wa wadudu kwa maumbile na sumu ya wadudu huwaua upesi. Vivyo hivyo kwa dawa ya mbu ya kupuliza: chumba chenye tangi kisipulizwe.

Kwa wakazi wa Pwani ipo habari njema zaidi. Majani makavu ya mkungu, yale ambayo hufagiliwa kila asubuhi na kutupwa, ni bidhaa inayofungwa kwenye pakiti na kuuzwa kwa wafugaji wa samaki na kamba katika nchi nyingi, mara nyingi kwa jina la Kiasia la ketapang. Huchukuliwa jani lililoanguka lenyewe na kukauka hadi kuwa la kahawia, mbali na barabara na mashamba yanayopigwa dawa, likaoshwa. Jani moja linatosha tangi la lita 30. Utando huota juu yake, kamba huula, kisha hulila jani lenyewe hadi ikabaki mishipa. Maji hugeuka rangi kama ya chai nyepesi, jambo ambalo halina madhara.

Makopo ya rangi

Wauzaji hunadi vyakula vya kuongeza wekundu kwa bei ya juu. Ni kweli kwamba kamba hawezi kujitengenezea rangi hiyo kutoka mwanzo na huipata kupitia mwani na vyakula vingine. Lakini kiwango cha rangi huamuliwa kwanza na ukoo wake. Chakula hakitampandisha kamba hafifu daraja, hivyo fedha hiyo ni bora itumike kununua wazazi wazuri. Tahadhari nyingine ni shaba. Chembe zake katika orodha ya virutubisho hazitishi, ila dawa za samaki zenye shaba inayoyeyuka majini ni kifo kwa kamba.

Mwenye nia ya kuagiza kamba kutoka nje aulize kwanza mamlaka ya uvuvi ya nchi yake kuhusu kibali cha kuingiza viumbe hai wa majini. Wala ziada isimwagwe mtoni au ziwani. Nchini Ujerumani kamba huyu ameshakutwa akizaliana katika vijito vyenye maji yaliyopashwa joto na shughuli za binadamu. Katika nchi zetu hahitaji kupashiwa maji.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfugaji aandike tarehe ya kila mlo, kiasi alichotoa, kilichobaki baada ya saa 3 na idadi ya waliokufa. Baada ya wiki chache daftari litamwonyesha kipimo cha tangi lake mwenyewe. Pale ambapo hesabu ina shaka, siku moja bila chakula haitaua kamba hata mmoja katika tangi lililokomaa, bali gramu moja ya ziada inaweza kumaliza mtaji wote kabla ya asubuhi.