Mlinzi wa Maneno

Mwalimu ametaka insha ya maneno 150. Mtoto mmoja wa Mumbuni, hapa Machakos, amehesabu mara mbili na kupata majibu mawili.

"Mjomba, tarakilishi huhesabu vipi?"

Swali tamu hilo! Keti hapa, mpwa wangu.

Iko programu ndogo iitwayo wc. Ni kongwe kunishinda kwa mbali, maana ilikuwapo mwaka wa 1971 katika toleo la kwanza la Unix, mfumo uliotengenezwa Bell Labs, Marekani, na akina Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kusoma haijui. Mbuzi haimjui.

"Basi itahesabuje neno isilolijua?"

Ichukulie kama mlinzi wa lango la boma. Herufi zinapita moja moja. Hebu tuisikilize:

"Mimi najiuliza jambo moja tu: niko ndani ya neno, au niko nje? Nikiwa nje, ikaja herufi, naongeza neno moja, naingia ndani. Zikija herufi nyingine, maneno siongezi. Ikija nafasi, natoka nje."

"Na nikiweka nafasi tatu?"

"Niko nje, nabaki nje. Hunipati!"

Umeiona akili yake? Sasa andika "Mbuzi wangu", shuka mstari, andika "amelala", shuka tena. Itajibu: 2, 3, 20. Mistari 2, maneno 3, alama 20.

"Ishirini? Mbona herufi ni 17?"

Umehesabu vizuri sana! Ongeza nafasi moja na mishuko miwili. Mshuko nao ni alama, ingawa huuoni. Tena wc ikihesabu mistari, kumbe inahesabu mishuko. Usiposhuka baada ya "amelala", itasema mstari ni 1. Ukaidi huo mimi naupenda.

"Na nikiandika Kikamba?"

Aa, mpwa wangu, hapo umegusa penyewe! Andika "mũndũ" bila kushuka mstari. Herufi ni ngapi? Tano. Lakini tarakilishi za leo huhifadhi herufi katika visanduku vidogo viitwavyo baiti: ũ huchukua baiti mbili, na m moja. Ukiiambia wc -c inahesabu baiti: 7. Ukiiambia wc -m inahesabu alama: 5. Kwa hiyo mwalimu akitaka idadi ya herufi za shairi lako la Kikamba, tumia -m, kisha utoe nafasi na mishuko.

"Na vituo?"

Navyo utoe.