Kitanda Kimoja, Simu Mbili

Hebu jiulize, mpenzi msomaji: ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mliangalia tamthilia moja, kwenye kioo kimoja, kwa wakati mmoja? Mimi nililazimika kujiuliza nikiwa ukweni.

Tulikwenda Usinge kumsalimia mama mkwe. Ni mji mdogo wilayani Kaliua, mkoani Tabora, kando ya reli iendayo Kigoma. Jioni ya kwanza, baada ya ugali, mume wangu akachomeka spika masikioni na kufungua mpira kwenye simu. Nami nikatoa yangu, nikaendelea na tamthilia. Mama akatutazama weee, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mmegombana?"

Nilicheka. Ila usiku usingizi haukuja, maana hata nyumbani Dar ndivyo tunavyoishi.

Tulikotoka

Sisi tuliokua miaka ya 1990 tunakumbuka. ITV ilianza 1994, na runinga moja ilitosha nusu ya mtaa. Asiyekuwa na jirani mwenye runinga alikwenda kibanda umiza: unalipa, unabanwa kwenye benchi, na mfasiri anasimulia filamu kwa Kiswahili. Ukicheka, umecheka na watu. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Desemba 31, 2012, vikaja ving'amuzi. Rimoti bado ilikuwa moja. Mligombania, sawa, lakini mlikuwa sebuleni.

Januari 2016 Netflix ikafika karibu Afrika nzima. Leo kuna AzamTV Max, kuna YouTube, na kila mtu anatembea na sebule yake mfukoni.

Bando lilipokata

Siku ya tatu bando langu likaisha. Netflix kwa picha ya ubora wa juu inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Ukiweka mpangilio wa kubana data kwenye simu, GB 1 inakupa kama saa 6. Mimi nilikuwa mtu wa ubora wa juu. Nikanunua lingine, lakini mtandao ukawa wa kusuasua, kiduara kinazunguka tu.

"Njoo," mume wangu akaniita. "Nilipakua sehemu nne kabla ya safari. Ile tuliyoianza wote. Nilikuwa nakusubiri."

Moyo ukanipasuka. Tamthilia ile niliimaliza mwezi uliopita, kimya kimya, yeye akiwa amelala pembeni yangu.

Nikamwambia ukweli. Akanyamaza. Ukimya ule uliniuma kuliko angenigombeza. Mwishowe akasema, "Basi usiniambie mwisho wake."

Tukaegemeza simu kwenye sufuria, mama tukamweka katikati. Lugha ilikuwa ya kigeni, hivyo mume wangu akageuka mfasiri wa kibanda umiza, na mama akawa hakimu: huyu mwongo, yule ana roho mbaya. Nilijua kila kitakachotokea, lakini sikumbuki lini nilicheka vile.

Mfanyeje?

*Chagueni tamthilia ya wawili.* Kumtangulia mwenzio ni marufuku, hata kama sehemu imeishia pabaya.

*Pakueni mapema.* Mkiwa kwenye waifai, wekeni sehemu chache kwenye simu. Mtaokoa bando, na safari haitawatenganisha.

*Mna runinga ya kisasa?* Rusheni picha kutoka kwenye simu mkae kochi moja. Spika za masikioni wekeni mbali.

*Acheni nafasi.* Mpira wake si mke mwenzio. Kila mtu awe na siku zake. La msingi ni kuwa na siku yenu.

Kwetu ni Alhamisi. Hatuipati kila wiki, kazi ni kazi, lakini tunapoikosa tunaambiana.

Na mama mkwe? Sehemu nne hazikumtosha. Siku hizi akipiga simu, salamu tu zikiisha anauliza: "Yule mwenye roho mbaya ameshakamatwa?"