Lubumbashi: Karibu ya kanisani na karibu ya nyumbani

Katika makanisa mengi ya Lubumbashi, kabla ibada haijaisha, wageni huombwa wasimame. Hutaja jina na wanakotoka, hupigiwa makofi, huimbiwa. Kisha wengi hurudi walikofikia, peke yao.

Jiji hili, lililoanzishwa mwaka 1910, limejengwa na wageni. Kampuni ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini. Katika kambi za namna hiyo, huko Kolwezi, padri Mbelgiji Placide Tempels alianzisha Jamaa, vuguvugu la Wakatoliki, katika miaka ya 1950. Watu walioziacha koo zao mbali walitembeleana majumbani, wakaitana baba na mama. Msingi wa mafundisho ulikuwa maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo.

Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Maelfu walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Aliyefukuza na aliyefukuzwa mara nyingi walikuwa wamesali kanisa moja.

Leo vijana kutoka Kasai bado wanakuja Lubumbashi kutafuta kazi, na bado wapo wanaosema warudi kwao. Jumapili baadhi yao watasimama kanisani, wataje wanakotoka.