Musakhan, Karamu ya Mafuta Mapya

Wapalestina wa vijijini hawayasifu mafuta ya zeituni mpaka wayaonje na mkate. Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, mvua za kwanza zikishaosha vumbi la kiangazi, familia hupanda kwenye vilima vya Jenin, Tulkarm, Nablus na Ramallah kuchuma zeituni. Mafuta ya kwanza yakitoka kinuni, yangali ya kijani na yanawasha koo, huandaliwa chakula cha msimu: musakhan. Huyu ni kuku wa kuoka, analazwa juu ya mkate uliolowa mafuta, anafunikwa kwa vitunguu vilivyoiva pamoja na sumaki, kiungo chekundu chenye uchachu, kisha juu kabisa anamwagiwa lozi au kokwa za msonobari zilizokaangwa.

Mgeni akiletewa sinia hiyo, macho yake humwendea kuku. Wenyeji huanza kwa kuchana mkate wa chini, maana huo ndio uliokunywa mafuta, na kwa huo watajua mwaka huu mizeituni yao imewapa nini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya chakula hiki. Kuku ni heshima ya meza, lakini karamu yenyewe ni ya mafuta.

Mavuno hayavunwi na nyumba moja peke yake. Ipo desturi ya kale iitwayo auna: aliyekwisha kuchuma shamba lake huenda kumsaidia jirani ambaye bado, wala hadai ujira. Waliohamia mjini hurudi kijijini siku hizo. Maturubai hutandikwa chini ya miti, vijana hupanda ngazi, wazee na watoto hukaa chini wakichambua majani kutoka kwenye zeituni. Watu wanaoshinda shambani namna hiyo, tena katika baridi ya vuli ya milimani, wanahitaji chakula kizito cha kuliwa kwa pamoja, kisichotaka sahani nyingi. Musakhan inafaa kabisa.

Mkate wake ni wa tabuni, na tabuni inastahili kuelezwa kwa kituo. Ni tanuri dogo la udongo, limeinama mfano wa kuba, lina tundu juu na mfuniko wake. Wanawake ndio waliokuwa wakilifinyanga kwa udongo uliochanganywa na makapi ya nafaka, wakaliacha likauke juani kwa siku nyingi kabla ya kulitia moto. Ndani, sakafuni, hupangwa kokoto. Moto hauwashwi ndani. Makaa na majivu hurundikwa nje, kulizunguka tanuri na juu ya mfuniko wake, yakifukuta usiku kucha. Kuni bora ni mashudu ya zeituni yanayobaki baada ya kukamua. Hivyo mti ule ule unaotoa mafuta ndio unaotoa moto wa kuokea mkate utakaolowekwa kwenye mafuta hayo. Unga uliokandwa hutandazwa juu ya kokoto za moto, na mkate ukitoka huwa na mashimo mashimo pale kokoto zilipougusa. Ndiyo maana mkate wa tabuni unafaa kwa musakhan kuliko mkate laini wa dukani: mafuta hutuama katika yale mashimo.

Tabuni moja ilihudumia nyumba kadhaa za ukoo mmoja, kila mama na zamu yake. Kibanda chake kilikuwa baraza la wanawake. Habari za posa, za wagonjwa, za watoto waliosafiri, zote zilipita hapo kabla hazijawafikia wanaume. Siku hizi nyumba nyingi zina jiko la gesi, na mkate unaotengenezwa kiwandani kwa kuiga umbo la mkate wa tabuni unauzwa madukani. Nauona huo kuwa upotevu mkubwa. Mkate bado unapatikana; baraza lile limekwenda.

Sasa upishi. Kuku hukatwa vipande vikubwa au hupasuliwa mara mbili, akachemshwa kwanza kwa iliki, mdalasini na jani la bay. Mchuzi wake hautupwi; hutolewa kama supu. Akikaribia kuiva, hupakwa mafuta na sumaki, akaingizwa motoni mpaka ngozi iwe nyekundu na kukauka. Sumaki ni tunda dogo la kichaka cha milimani, likikaushwa na kusagwa huwa unga wa rangi ya damu ya mzee, wenye uchachu mpole. Uchachu huo ndio unaomwezesha mtu kula mafuta mengi kiasi hicho asikinai.

Vitunguu ndivyo vinavyochukua muda wa mpishi. Hukatwa vingi, uzito wake haupungui uzito wa kuku, vikawekwa katika mafuta kwa moto mdogo. Havikaangwi vikawa vya kahawia. Vinaachwa vilainike, vitoe maji yao, viwe vitamu, ndipo sumaki inaingia na kuvipaka wekundu. Asiye na subira hapa ameharibu sinia nzima. Mkate huchovywa katika mafuta hayo ya vitunguu, ukatandazwa, vitunguu vikawekwa juu yake, halafu kuku. Vyote vinarudi motoni kidogo mpaka kingo za mkate zianze kukakamaa.

Mwisho huja lozi. Kokwa za msonobari ni ghali, hivyo familia nyingi hutumia lozi za vilima vyao wenyewe, zilizomenywa na kupasuliwa. Hukaangwa katika mafuta kwa dakika chache tu, zikageuka rangi ya dhahabu, zikamwagwa juu ya kuku papo kwa papo. Wingi wake husomwa na wageni. Kwenye sinia ya kila siku zinaweza kuwa chache au zisiwepo. Kwenye sinia ya mkwe au ya harusi hufunika nyama.

Mwaka 2010, katika eneo la Ramallah, wapishi walitengeneza musakhan moja yenye upana wa mita 4, ikaandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Walitumia unga kilo 250, vitunguu kilo 500, mafuta ya zeituni kilo 170 na lozi kilo 70. Vitunguu mara mbili ya unga: hata katika sinia ya maonyesho, vitunguu havikupunjwa.

Musakhan huliwa kwa mkono, wote wakizunguka sinia moja, pamoja na mtindi na saladi. Wakati wa vita vya 1948, Wapalestina zaidi ya laki saba walipofukuzwa au kukimbia makwao, chakula hiki kilikwenda nao Jordan, Lebanon na kwingineko. Huko wengi hukipika bila mzeituni wao, kwa mafuta ya kununua au ya chupa iliyoletwa na ndugu. Hata waliobaki hawana uhakika wa mafuta yao. Tangu Israel ilipoanza kujenga ukuta katika Ukingo wa Magharibi mwaka 2002, wakulima wengi ambao mashamba yao yameangukia upande wa pili huhitaji kibali cha Israel kwenda kuchuma, na mageti hufunguliwa siku chache. Katika mavuno ya 2023, vita vya Gaza vilipokwisha kuanza, wengi hawakufika kabisa kwenye miti yao, na zeituni zilidondoka zenyewe. Huko Gaza, gesi ilipokosekana, watu walirudia kujenga tanuri za udongo. Familia iliyozuiwa kuchuma imenyimwa kipato cha mwaka, na pia imenyimwa ile siku ya kukaa pamoja na kuonja kilichotoka katika ardhi yake. Dhuluma hiyo isihesabiwe kuwa ndogo.

Msomaji wa pwani anayetaka kujaribu hana haja ya tabuni. Mkate wa ajemi wa Unguja, uliookwa tanurini, unafaa vizuri. Kwa kuku mmoja andaa vitunguu kilo moja na nusu, sumaki vijiko vinne vya chakula, na lozi konzi mbili. Ukikosa sumaki, ndimu itakupa uchachu ingawa rangi haitakuwepo. Mafuta yawe ya zeituni halisi na yatoshe kulowesha mkate wote, maana bila hayo utakuwa umepika kuku wa kuoka tu.