Dizeli ya mtumba ya kuvuta tela: ikague ikiwa baridi

Vijana, wengi mnaniuliza kuhusu steshen wagon ya dizeli iliyotumika, ya kuvuta tela la nyanya hadi sokoni. Rangi na redio baadaye. Mwambie dalali asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, rudi kesho, maana dizeli iliyochoka huwaka vizuri tu ikishapata moto.

Ikiwa bado baridi, fungua rejeta. Maji yenye utando wa oili ni dalili kwamba gasketi au silinda hedi imekufa. Prado zenye injini ya 1KZ-TE chunguza sana hapo: hedi zake zinajulikana kupasuka injini ikichemka, na tela mlimani huichemsha haraka. Nyanya hazisubiri fundi. Sasa washa. Moshi wa bluu ujue inakula oili.

Kama ni ya gia za mkono, ipandishe mlima kwa gia kubwa, kanyaga mafuta. Mngurumo ukiongezeka bila mwendo, klachi imeisha. Chungulia chini pale tela linapofungwa. Ukiona kutu iliyokula chuma, achana nayo. Uliza pia uzito wa tela unaoruhusiwa na mtengenezaji. Tela zito lisilo na breki zake litakusukuma mteremkoni, hata injini iwe nzima.