Ramani ya Mvua Katika Vilima vya Nachingwea na Ruangwa

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo wakulima wa Nachingwea na Ruangwa wamelistaajabia siku nyingi: mvua hunyesha shamba hili, na shamba la ng'ambo ya kilima likabaki kavu. Je, mvua ya namna hii yaweza kuchorwa katika ramani? Yaweza, lakini kwa hesabu na kwa subira.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mji wa Nachingwea u juu ya bahari kwa mita 400 na zaidi. Upande wa mashariki, kuelekea Lindi, umesimama uwanda wa Rondo, ambao sehemu zake za juu zakaribia mita 900. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, zikakoma mnamo Aprili au Mei, na unyevu wake mwingi hutoka baharini. Hewa yenye unyevu ikikuta mwinuko hupanda, ikipanda hupoa, na ikipoa mvuke hugeuka mawingu na mvua. Ikishuka upande wa pili hupata joto tena, na mvua hupungua. Kwa hiyo kipimamvua cha mjini hakiwezi kutoa habari za kila kijiji.

Basi wataalamu hufanyaje? Hukusanya vipimo vya vituo vingi, mwezi kwa mwezi, kwa muda wa miaka kama 30. Huandika pia mahali pa kila kituo na mwinuko wake. Kisha hutafuta kanuni ya hesabu ionyeshayo jinsi mambo hayo yanavyofuatana. Kanuni ya joto ni nyepesi: kila tupandapo mita 1,000, joto hupungua nyuzi kama 6. Ya mvua ni ngumu zaidi, maana hutegemea pia upepo na upande wa mlima. Kanuni ikipatikana, kompyuta huigawa nchi katika miraba midogo na kukisia mvua ya kila mraba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huunganisha vipimo vya vituo na habari za setilaiti, ili kusaidia mahali pasipo kituo.

Lakini makisio hayana budi kujaribiwa. Wataalamu huficha vipimo vya kituo kimoja, wakaiacha kanuni iyakisie, kisha wakalinganisha. Tofauti ikiwa kubwa, kanuni ina kasoro.

Tena tujihadhari na wastani. Tuseme mwaka mmoja shamba lilipata milimita 600, na mwaka wa pili 1,000. Wastani ni 800, lakini hakuna hata mwaka mmoja uliopata 800. Mahindi hayanywi wastani. Hunywa mvua ya mwaka ule yaliopandwa. Ndiyo sababu ramani njema huonyesha pia mvua hubadilika kwa kiasi gani.

Hasara ya kupuuza hayo twaijua. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Uchunguzi wa nchi ulifanywa mwaka 1946 kwa wiki chache tu. Mashine ziliharibika, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu, na mvua yake haikuaminika. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na paundi milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Makosa yalikuwa mengi, lakini hili lilikuwa moja: kuyatumainia mashamba kabla ya kuijua mvua yake.

Yatupasa nini basi? Ramani ni makisio yaliyopimwa, wala si ahadi. Nguvu yake hutoka katika vituo, na vituo ni watu wanaosoma kipimamvua kila asubuhi bila kukosa. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Shule ya kijijini yaweza kuweka kipimamvua mahali peupe, mbali na miti na mapaa, na wanafunzi wakaandika kila siku, hata siku isiyo na mvua, maana sufuri nayo ni habari. Daftari hilo likitunzwa miaka mingi, kilima chenu kitakuwa na ushahidi wake, wala hakitakisiwa kutoka mbali.